Mcheza kwao hutuzwa, lakini nani humtunza?

Niseme ukweli mapema, msomaji, usije ukanidhania. Mimi si mtu wa michezo. Sijui nani anaongoza ligi ya Uingereza, na vijana wa mtaani kwetu Kisauni wanapopiga mayowe usiku, mimi huuliza tu kama stima imerudi. Nikiambiwa ni bao, hugeukia upande wa pili nikalala.

Chuki hii ina asili yake. Nimekulia katika nyumba ya redio moja, na Jumamosi jioni redio hiyo ilikuwa ya wanaume. Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alicheza mpira katika timu za mtaa, na wakati wa mvua za masika alirudi nyumbani na jezi iliyojaa tope. Yeye alicheza, mimi na dada zangu tukafua. Shuleni nako, wavulana walipewa mpira na kiwanja, sisi tukaambiwa tukae chini ya mwarobaini tushangilie. Basi kwangu mimi mchezo ulikuwa na maana mbili: kufua, na kushangilia usichokipenda.

Kwa hivyo Desemba iliyopita, nilipokwenda Doha kumtembelea kijana wa marehemu kaka yangu, ambaye anafanya kazi ya ulinzi huko, sikuwa na haja ya kuona uwanja wowote. Nilichotaka kukiona ni kimoja. Nimefundisha historia shule za upili kwa miaka 25, na nilikuwa nimesikia kwamba Doha kuna Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yanayoeleza historia ya utumwa katika Bahari ya Hindi. Nilitaka kuona wenzetu wa Ghuba wanaisimulia vipi habari ya watu waliochukuliwa kutoka pwani hii, wakapelekwa kupiga mbizi kutafuta lulu na kulima mitende, hadi utumwa ulipopigwa marufuku Qatar mwaka 1952.

Kijana alikubali, lakini kwa sharti. "Shangazi, asubuhi tunaenda kwako. Jioni tunaenda kwangu."

Kwake kulikuwa ni makumbusho ya michezo. Nikamwambia, baba, nitazimia humo. Akacheka akaniambia ndani kuna baridi ya kutosha, sitazimia.

Jengo ndani ya uwanja

Kutoka Msheireb tulipanda treni ya chini ya ardhi, njia ile wanayoiita ya dhahabu, tukashuka kituo cha Sport City. Ukitoka tu unauona Uwanja wa Khalifa. Ulijengwa mwaka 1976, ukafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2022 ukachezewa mechi za Kombe la Dunia, ikiwemo ile ya kutafuta mshindi wa tatu ambapo Croatia iliwafunga Morocco mabao 2 kwa 1. Hayo yote nimeambiwa na kijana, njia nzima.

Makumbusho yameshikana na uwanja huohuo. Jina lake ni 3-2-1, kama mtu anayehesabu kabla ya kuanza mbio. Yalifunguliwa Machi 2022, yana kumbi saba na ukubwa wa mita za mraba 19,000 hivi. Ni makubwa kiasi kwamba mtu wa umri wangu anatakiwa apange wapi atakaa apumzike. Kuna ukumbi wa historia ya michezo ya dunia, ukumbi wa Olimpiki, ukumbi wa wanamichezo mashuhuri, kumbi zinazohusu Qatar yenyewe, na mwisho mahali pa kujaribu mwili wako kwa kuruka na kukimbia. Huko mwisho nilimwacha kijana aende peke yake.

Nilipoingia nilikuwa na mpango wa kupita harakaharaka, nikae kwenye mkahawa, nimsubiri. Nilitoka baada ya saa nne. Nataka nikueleze kwa nini, hasa wewe usiyependa mpira kama mimi, kwa sababu nadhani makumbusho ya aina hii yanatuhusu sisi zaidi kuliko mashabiki.

Shabiki haoni nilichokiona

Shabiki akiingia mahali kama pale hutafuta anayempenda. Kijana wangu alikuwa akikimbia kutoka kioo hiki hadi kile: huyu ni fulani, huyu ni fulani, piga picha, twende. Hasomi maandishi, kwa sababu habari anazijua.

Mimi sikuwa na ninayemjua. Nikabaki na kazi moja tu, kusoma. Na kwa kuwa sijui nani alishinda, nikajikuta nauliza maswali mengine: Nani aliruhusiwa kucheza? Nani alikatazwa? Nani alilipa gharama? Nani hayupo?

Chukua mienge ya Olimpiki. Imepangwa pale kwa mfuatano wa miaka, kuanzia ule wa Berlin 1936. Kijana aliipita akisema ni mizuri. Mimi nilisimama hapo nusu saa, kwa sababu niliposoma miaka niliona silabasi yangu yote ya historia imepangwa ukutani.

Nilikuwa nikidhani kukimbiza mwenge ni jambo la Wagiriki wa kale. Sivyo. Wagiriki hawakuwa na mbio za mwenge kuelekea Olimpiki. Desturi hii ya kuubeba mwenge kutoka Olympia hadi mji mwenyeji ilianzishwa kwa ajili ya michezo ya Berlin, chini ya serikali ya Hitler, na mienge ya mwanzo ilitengenezwa na Krupp, kampuni ileile iliyokuwa ikiunda mizinga. Ni katika michezo hiyo ambapo Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alichukua medali nne za dhahabu mbele ya watu waliokuwa wakihubiri kwamba mweusi ni duni.

Baada ya mwenge wa 1936 unakuja wa London 1948. Hapo katikati hakuna kitu. 1940 haipo, 1944 haipo. Nimefundisha Vita Vikuu vya Pili mara nyingi kwa ramani na tarehe, lakini sijawahi kuvionyesha kwa urahisi kama vile, pengo tu kati ya vitu viwili.

Endelea mbele: Melbourne 1956. Hii ndiyo Olimpiki ya kwanza ya Kenya. Nyandika Maiyoro alikimbia mita 5,000 akamaliza wa saba. Sasa fikiria mwaka wenyewe. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na mwezi uliofuata Waafrika wa koloni hilohilo wakasimama Australia wakiwakilisha Kenya. Walikuwa wakimkimbilia nani? Swali hilo sijawahi kumuuliza mwanafunzi hata mmoja, na ni swali zuri.

Halafu Tokyo 1964, ambako Wilson Kiprugut alituletea medali ya kwanza kabisa, shaba ya mita 800, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Halafu Mexico 1968, Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott wakichukua dhahabu. Halafu Montreal 1976, na hapo Kenya haipo. Nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilikataa kushiriki kwa sababu New Zealand iliachwa ishiriki ingawa timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu. Wanariadha kama Mike Boit, aliyekuwa katika ubora wake, walifungasha mizigo wakarudi.

Nimefundisha ubaguzi wa rangi Afrika Kusini miaka 25. Nimetaja Sharpeville, nimetaja Soweto, nimetaja Mandela. Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba kuna Wakenya waliotoa ujana wao wa mbio kwa ajili ya jambo lile. Sikuwaambia kwa sababu sikuona. Niliweka kando kila kilichohusu michezo.

Wanawake waliokuwa chini ya mwarobaini

Nilipofika kwenye historia ya kale, nikajikumbuka mwenyewe na mwarobaini wangu.

Olimpiki ya kale, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuanza mwaka 776 K.K., ilikuwa mwanzoni na mbio moja tu ya urefu wa mita 192 hivi. Mbio hiyo iliitwa stadion, na ndiko lilikotoka neno stadiamu tunalolitumia. Wanawake hawakushindana humo. Lakini mwanamke mmoja wa Sparta, Kyniska, bintimfalme, alishinda mashindano ya magari ya farasi mwaka 396 K.K., kisha akashinda tena. Aliwezaje? Katika mashindano hayo mshindi alihesabiwa kuwa mwenye farasi, wala si anayeendesha. Mlango ulifungwa, yeye akapita dirishani.

Usidhani mambo yalibadilika haraka. Olimpiki ya kisasa ilipoanza mwaka 1896 hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800, baadhi wakaonekana kuchoka, na ikasemwa mbio hiyo ni ndefu mno kwa mwili wa mwanamke. Iliondolewa, isirudi hadi 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri mpaka 1984. Na Qatar yenyewe, wenye makumbusho haya, walipeleka wanawake Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012.

Nikafikiria yule mwalimu aliyetuketisha kivulini. Pengine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akirudia neno lililosemwa mbali sana, na watu wenye tai, kabla yeye hajazaliwa.

Kuna habari nyingine niliyoisoma usiku ule nilipofika chumbani, kwa sababu makumbusho mazuri hukupa ncha ya uzi, ukavuta mwenyewe. Ni ya Abebe Bikila, askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie, aliyeshinda marathoni ya Rome mwaka 1960 akiwa pekupeku. Kila mtu anataja miguu yake. Lakini njia ya mbio ile ilipita karibu na mnara wa Axum, jiwe refu la kale ambalo Waitaliano walilichukua Ethiopia mwaka 1937 baada ya kuivamia, wakalisimamisha katikati ya mji wao. Mtoto wa nchi iliyoporwa akapita mbele ya kilichoporwa, akawashinda wote. Jiwe lenyewe lilirudishwa kwao mwaka 2005. Hiyo si habari ya michezo tu, ni habari ya mali ya watu.

Jezi ndani ya kioo

Sasa nifike mahali ambapo miguu iliniishia nguvu.

Ukumbi wa wanamichezo mashuhuri una watu 90 hivi kutoka pande zote za dunia, na ndani ya vioo kuna vitu walivyovitumia. Ni vitu vya kawaida sana, vilivyochakaa. Nikasimama mbele ya jezi moja kuukuu, imepauka, imewekewa taa kama kito cha dhahabu. Nikataka kumfanyia kijana mzaha. Nikamwambia, "Baba, hii kwetu ningeshaipigia deki."

Hakucheka. Akaniangalia, akasema, "Shangazi, ile jezi ya baba, ya buluu, iko wapi?"

Msomaji, nilinyamaza.

Kaka yangu alipofariki aliacha katoni moja chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na jezi ya buluu, kikombe kidogo cha ushindi kilichoingia weusi, picha zilizogandana kwa unyevu, na kipande cha gazeti. Miaka michache baadaye tulikuwa na arusi nyumbani, tukapaka rangi, tukasafisha. Mimi ndiye niliyesimamia usafi. Kikombe kilikwenda na mnunuzi wa vyuma kuukuu pamoja na sufuria zilizotoboka. Picha na gazeti zilikwenda na mkokoteni wa taka. Jezi ilikuwa pamba nzuri, yafyonza maji. Niliipigia deki kweli. Ilidumu kama mwaka mmoja.

Nilimwambia ukweli, palepale, mbele ya kioo. Hakunikasirikia. Alisema tu, "Nilikuwa nataka kujua alikuwa akivaa namba gani."

Na mimi sikujua. Mimi niliyeifua jezi ile mara mia, sikumbuki namba iliyokuwa mgongoni.

Hapo ndipo nilipoelewa makumbusho ni nini. Nilikuwa nikidhani vitu huingia kwenye kioo kwa sababu ni vikubwa. Kumbe jezi ni jezi, viatu ni viatu. Kilichoko kwenye kioo kiko pale kwa sababu siku fulani mtu alikuwa akisafisha nyumba, akakishika mkononi, akaamua kutokitupa. Na mara nyingi mtu huyo si mchezaji wala shabiki. Ni mama yake, mkewe, dada yake. Ni mtu kama mimi.

Aliyechezea kwingine

Tukaingia kumbi za Qatar. Kuna habari za Michezo ya Asia ambayo Doha iliandaa mwaka 2006, na kuna michezo ya asili yao. Wanavitunza kwa fahari kubwa vitu vyao: mwewe wa kuwinda, mbio za ngamia. Nilifikiria mashindano ya majahazi kule Lamu, mbio za punda, bao linalochezwa barazani, kirumbizi cha fimbo, nikajiuliza sisi tumeviweka wapi.

Hapo kijana akanitega swali. "Shangazi, unamjua Saif Saaeed Shaheen?"

"Huyo ni Mwarabu wa hapa."

"Ni Mkalenjin."

Nikaelezwa. Alizaliwa Keiyo, kwetu Kenya, akiitwa Stephen Cherono. Kaka yake, Christopher Kosgei, aliishindia Kenya ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 1999. Yeye mwenyewe alichukua uraia wa Qatar mwaka 2003, na wiki chache baadaye, kule Paris, akashinda ubingwa huohuo wa dunia akiwa na jezi ya Qatar, akimwacha Mkenya Ezekiel Kemboi wa pili. Mwaka 2004 hakukimbia Olimpiki ya Athens kwa kuwa Kenya haikukubali kumwondolea muda wa kusubiri unaowekewa anayebadili nchi. Wakenya wakachukua medali zote tatu. Siku chache baadaye yeye akaweka rekodi ya dunia, dakika 7 sekunde 53.63, na haikuvunjwa mpaka 2023.

"Sasa huyu ni historia ya nani?" nikauliza.

Kijana akasema, "Mimi pia niko hapa kwa mkataba, Shangazi. Tofauti ni kwamba mimi hawanipi paspoti."

Tukacheka, lakini neno lilibaki kifuani. Kila mwaka vijana wetu wa Pwani wanapanda ndege kwenda Ghuba kutafuta riziki. Nikamkumbuka Bin Jelmood wa asubuhi. Zamani watu walitoka pwani hii kwa kufungwa kamba. Siku hizi wanatoka kwa viza na kwa hiari yao, na hayo mawili si sawa, nisieleweke vibaya. Ila katika hali zote mbili, habari zao huandikwa na mwenye nyumba waliyofikia, kama sisi wa nyumbani hatukuziandika.

Huwa tunasema mcheza kwao hutuzwa. Methali nzuri, na tunaitumia kuwalaumu wanaokwenda kuchezea kwingine. Lakini kutuzwa ni siku moja, watu wanakurushia leso na noti, ngoma inakwisha. Kutunzwa ndiko kunakobaki. Tumewatuza wengi, tumewatunza wangapi?

Machi 24, 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Joto na unyevu wetu ulimshinda hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa mkubwa, akaacha njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mbio ya wanawake ilishindwa na Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi. Nilikuwa mjini siku ile. Ninachokumbuka ni kwamba magari yalijaa, nikachelewa arusi Likoni. Dunia nzima ilikuwa imekuja mlangoni kwangu, nami nikahesabu dakika za kuchelewa pilau. Na leo ukinipeleka pale kando ya bahari, sijaona hata kibao kinachosema jambo lile lilitokea hapo.

Niliporudi nyumbani

Niliporudi Mombasa nilianza kuuliza. Dada yangu aliyeolewa Malindi alikuwa na picha moja tu ya kaka yetu akiwa na timu. Watu 11, nyuma hakujaandikwa kitu. Niliwajua watatu.

Nikaichukua picha nikaenda nayo baraza moja Majengo, kwa mzee mmoja wanayemjua kwa habari za mpira wa zamani. Aliishika mbali na macho, akaanza kuwataja mmoja mmoja: huyu alikuwa bandarini, huyu alikuwa fundi seremala, huyu alihamia Tanga. Alitaja tisa. Akaniuliza, "Mwalimu, unajua kwamba mwaka 1965 bingwa wa ligi ya Kenya alitoka Mombasa?" Sikujua. Akanieleza habari za Feisal, akanitajia Liverpool na Mwenge, na viwanja vilivyojaa watu mpaka juu ya miti. Nikatoa simu nikaanza kumrekodi.

Kwenye picha kaka yangu amesimama kwa mbele, namba haionekani.

Sasa nikuombe, msomaji. Sisemi kaunti ijenge jumba la mita 19,000. Ngome ya Yesu inatunza vyombo vya jahazi la Wareno lililozama mwaka 1697, na ni vizuri, lakini vitu vya babu zetu wa juzi hata havijafika mlangoni pake. Tuanze na vilivyomo chini ya vitanda vyetu. Mambo yenyewe ni madogo:

Kabla ya kutupa katoni ya marehemu, ifungue ukiwa na mtu mwingine wa nyumba, hasa vijana. Unachokiona takataka, mwenzako huenda amekuwa akikitafuta miaka.

Picha andika nyuma yake kwa penseli, polepole, pembeni. Kalamu ya wino huvuja na kupenya. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka kama unajulikana. Picha isiyo na majina, baada ya kizazi kimoja, ni karatasi.

Adui wetu wa Pwani ni unyevu na chumvi. Usiweke picha kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa, zitagandana. Usizipige pasi ya plastiki, hazitatoka tena. Zitenganishe kwa karatasi safi, ziweke kwenye boksi kavu, juu, mbali na sakafu na dirisha. Jezi ifue, ikauke kabisa, ikunje ndani ya kitambaa cheupe cha pamba.

Kila kitu kipige picha kwa simu, kivulini pasipo na mwako wa jua, kisha mtumie mtu mwingine nakala. Simu huibiwa.

Na la mwisho, kabla ya yote: mwulize mzee angali hai. Usimuulize nani alishinda tu. Muulize viatu alinunua wapi, nani alimfulia, nani alikatazwa kucheza, na baada ya mechi walirudi nyumbani kwa usafiri gani. Hayo hayamo kwenye gazeti lolote.

Walimu wenzangu nao, kazi hii inafaa kwa kidato chochote. Mpe mwanafunzi likizo moja alete picha moja ya mchezo kutoka nyumbani kwao, pamoja na majina na maelezo ya nusu ukurasa. Mwisho wa mwaka shule ina ukuta wake wa historia, bila gharama ila misumari.

Mimi bado sipendi mpira. Wiki iliyopita nilijaribu kutazama mechi nzima, nikasinzia. Lakini nakala ya picha ile nimeibandika sebuleni, na chini yake nimeandika majina tisa. Nafasi mbili ziko wazi, golikipa na yule mfupi wa mwisho kulia aliyevaa kitambaa mkononi. Kama kwenu kuna picha inayofanana na hii, ya jezi za buluu, tafadhali iangalie vizuri. Na kama yuko mtu amesimama kwa nyuma, namba yake ikionekana, nina kijana Doha anayesubiri jibu.